Usinitumie Tena Dawa ya Mgongo

Makindye, Kampala
Tarehe 11 Juni 2024

Mpendwa yaya Victoire, dada yangu mkubwa,

Shalom kutoka kwetu. Mnaamkaje huko Butembo? Lile goti limepoa? Sisi tunasukuma siku kwa neema ya Mungu, na binti yangu Estelle anakusalimu sana.

Usishangae mwandiko. Mkono bado unacheza, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike. Kwenye simu ningesikia sauti yako tu, ningedanganya tena.

Zile tramadoli, vidonge vya maumivu, ulizokuwa unatia kwenye mfuko wa maharage anaoniletea Zéphyrin kila akija huku kununua mali, nilikuambia ni za wagonjwa wa kanisani. Yaya, hakuna wagonjwa. Nilikuwa nameza mimi.

Ilianza na mgongo kweli, nilipokuwa nabeba samaki bandarini Ggaba. Mgongo ukapona, vidonge vikabaki. Nikawa nasinzia mezani sokoni, Estelle ndiye anauza. Nikivikosa, jasho, na hasira kwa binti yangu asiye na kosa.

Sasa sikia aibu yenyewe. Unajua mfungo wetu mkavu, hata maji hayapiti mdomoni. Basi na vidonge nikaviacha. Kwenye maombi nikaanza kutetemeka, meno yanagongana. Pasta Barnabé akapaza sauti: "Roho ameshuka juu ya Mama Estelle!" Vigelegele kanisa zima. Nami nikawaacha waamini hivyo.

Jirani yangu Esperance akaniletea mtoto wake mwenye homa nimwekee mikono apone. Nikamwekea, yaya. Ashukuriwe Mungu, baba yake alimpitisha kliniki jioni ileile, akapewa dawa ya malaria. Lakini ushuhuda kanisani ulitajwa kwa jina langu, na mimi nikasema amina.

Nilipozidiwa, Estelle aliniburuta hospitali. Nesi mmoja, Moreen, akanishika mkono: "Nyabo, mama yangu, hiyo si Roho, na si pepo. Ni mwili unadai dawa."

Wananipunguzia polepole, maana kuacha ghafla ndiko kulikoniangusha. Tena tunakaa pamoja na wengine wa ugonjwa huu, tunaongea. Sikujua ni ugonjwa. Nilidhani ni dhambi tu, ndiyo maana nilificha.

Esperance nimemwomba msamaha. Alilia, hajanisalimu tangu hapo. Pasta bado sijamwambia. Jumapili anataka niwawekee watu mikono tena. Niombee nipate kinywa cha kusema.

Ombi langu kwako ni moja: usitume tena. Nitakupigia, najijua. Nitalia mgongo, nitaapa kwa kaburi la mama. Usinihurumie. Nitakuita mkubwa mwenye moyo mgumu. Kata simu, kisha uniombee.

Nisalimie shemeji Anselme, na Gradi na watoto wake. Mungu awafunike wote chini ya mkono wake.

Barua hii anakuletea Zéphyrin yuleyule, na hajui alichokuwa anabeba. Akirudi, mpe maharage tu, na mfuko aufungue Estelle, si mimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata katika aibu hii,

Monique