Gari Jekundu Kwenye Jaruba la Mama

Mwanza, 4 Septemba 2024

Mdogo wangu Milembe,

Salamu nyingi. Natumaini hamjambo hapo Sapiwi na mgongo wa Mama unapata nafuu. Mimi mzima. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika na kutuma kwa basi, pamoja na galoni hii ya oili.

Kesho kazini wananipeleka Dodoma miezi mitatu. Gari nililoliacha hapo Jumapili ni jipya kabisa, lina kilomita mia tatu tu. Wewe ni fundi, sina haja ya kukufundisha, ila hili ni gari la spoti, siyo hayo malori ya pamba unayolala chini yake kila siku. Mpaka lifikishe kilomita elfu moja na mia tano, mshale wa mizunguko usipite elfu tatu. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usiende mwendo uleule kwa muda mrefu. Asubuhi liache lingurume kidogo kabla hujaondoka. Likifika hapo nilipokwambia, mwaga oili, weka hii. Lioshe kwa kitambaa laini. Na usivute nalo kitu chochote.

Kaka yako,
Fredrick


Sapiwi, 15 Septemba 2024

Kaka Fredrick,

Mwangaluka. Mimi sijambo. Mama hajambo akiwa amekaa. Kusimama ndiyo shughuli.

Gari nalitunza. Jumapili baada ya misa nalipeleka Lamadi na kurudi, taratibu, na injini imeanza kulainika. Nikiwa njiani namkumbuka Mama alivyowafunda maksai wake, Waziri na Katibu. Mwaka mzima alitembea mbele yao wakiwa na nira tupu kabla hajawafunga plau, na fimbo hakuwagusa nayo. Halafu akaenda Mwanza kutibiwa macho. Aliporudi akakuta nira imetundikwa ukutani, na maksai umewauza Zagayu kwa Mzee Nyanda, ili wewe ukamilishe bei ya gari. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono mpaka akaanguka. Mgongo wake haujanyooka tena.

Mvua zinakaribia, Kaka. Warudishe maksai wa Mama kabla hazijaanza. Sitakuomba tena.

Jambo jingine. Uani kuna mawe, na mbuzi wanapanda juu ya boneti. Jaruba la mpunga la Mama limekauka, ni tambarare kama sakafu. Naweza kulipaki huko?

Mdogo wako,
Milembe


Dodoma, 29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Habari za hapo? Mimi mzima, ila Dodoma vumbi tupu.

Mambo ya maksai tuliyamaliza. Baba hayupo, mwenye boma ni mimi, na mwenye boma haombi ruhusa ya kuuza ng'ombe wake. Mama ni mtu mzima, apumzike. Mwaka huu kodini trekta.

Jarubani ni sawa, paki hapohapo. Ni mbali na watoto na kuku. Nitumie picha.

Kaka yako,
Fredrick


Dodoma, 11 Novemba 2024

Milembe,

Hamjambo? Picha sijaona, na barua yangu hujajibu. Nasikia Simiyu mvua imeanza. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi. Hamisha gari leo hii.

Kaka yako


Sapiwi, 20 Novemba 2024

Kaka,

Mwadila. Sisi wazima, na mvua ni nzuri.

Gari lilifikisha kilomita zake Jumamosi ya tarehe mbili. Oili niliimwaga, nikaweka yako. Mshale haukupita elfu tatu hata mara moja. Nililiosha kwa kitambaa laini, nikalirudisha jarubani uliponiruhusu, kisha nikaziba tuta pale nilipopitia, kama tunavyoziba kila mwaka ili maji yasitoke. Umekulia humo ukipanda mpunga, ukasahau jaruba ni la nini.

Mvua ilikuja Jumatano. Siku ya tatu maji yalifika milangoni mwa gari. Nilisimama juu ya tuta nikafurahi mpaka machozi yakanitoka, maana ni palepale Mama alipoanguka na jembe. Barua yako ya kuhamisha niliisoma nikaikunja.

Trekta la kulivuta gari haliingii kwenye udongo huu mweusi, linazama. Wanatakiwa ng'ombe. Majirani wanne wamekubali kuleta jozi zao, lakini wamesema jozi ya mbele iwe Waziri na Katibu, la sivyo hawaji. Nikaenda Zagayu kwa Mzee Nyanda. Akanijibu, "Hawa aliniuzia Fredrick. Aje Fredrick mwenyewe."

Basi njoo, na uje na viatu vya mpira. Nira nimeishusha ukutani, nimeipaka oili iliyobaki kwenye galoni yako. Gari likishatoka, lichukue uende nalo. Maksai wafunge kwenye nguzo ya Mama. Amekwishatafuta fimbo ya kujikongojea. Yeye atatembea mbele yao, mimi nitashika plau.

Mdogo wako,
Milembe