Mbu Mmoja Aliyepungua

Chumba cha Kutengwa,
Nyuma ya Maabara.
Jumapili, 14 Mei

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu kwanza, maswali yako baadaye, maana najua unayo mengi. Hujambo? Kazi inakwendaje huko, na lile jino lililokuwa likikukosesha usingizi limetulia? Mama ni mzima, anakula na kugomba kama kawaida. Siku ukisikia ameacha kugomba, ndipo upande ndege. Mkeo naye anakula na kutembea. Habari zake nitazifikia, usiruke mistari.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza maneno kabla hayajaiva, na mimi ningelia. Umesikia kwamba mbu alitoroka maabara na mimi na mkeo tumefungiwa. Hiyo ni nusu ya habari.

Huwa unatutania kwamba tunalipwa kufuga mbu, na ni kweli. Tunawanywesha damu ya watu waliochanjwa, iliyochanganywa na kirusi, kisha tunaangalia kama kirusi kimekua ndani yao au kimekwama. Wanaotengeneza chanjo wanasubiri majibu hayo. Chumba cha mbu ni cheupe pande zote, na sisi huvaa nyeupe, ili akitua aonekane. Tunawahesabu wakiingia na tunawahesabu wakitoka. Hesabu ikipungua, mlango haufunguliwi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa na kundi ambalo tayari limebeba kirusi, limeshindishwa njaa tayari kwa kunyweshwa tena. Tulikuwa tunawapanga juu ya sinia lililowekwa kwenye barafu. Mbu akipata baridi hulala fofofo, unamshika kwa kibano utakavyo. Sinia likipata joto kidogo tu, anaamka. Mkeo ndiye aliyelishika. Mara akageuza uso, akaziba mdomo kwa kiwiko, akaliweka sinia mezani, nje ya barafu. Nikadhani ni harufu ya damu, ingawa tumeizoea. Tulipohesabu, mmoja hayupo.

Nikamtazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, nina ujauzito. Nilitaka nimalize kazi ya leo ndiyo niseme."

Kaka, nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Kwa mtu mzima kirusi kile huleta homa, upele na maumivu ya viungo. Kwa mjamzito kinaweza kumpita mama kikamdhuru mtoto. Ndiyo maana mjamzito haruhusiwi kutia mguu mle. Wewe ulijua tangu likizo yako, naye alijua, mkafunga midomo ili asiondolewe kabla kazi haijakwisha. Najua hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake kwa kibano. Lakini kazi ingemngoja. Mficha uchi hazai, na nyinyi mlitaka kuzaa huku mmejificha.

Mkubwa wetu tunamwita Funga Mlango, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Alikuwa nje, akitutazama kupitia dirisha la kioo. Nilimweleza yote kwa kipaza sauti, hata la ujauzito. Akasema, "Siwezi kuwafungua mpaka apatikane. Zimeni feni. Shikeni raketi." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na mimi sijawahi kumsikia akitetemeka.

Tukasimama na raketi za umeme, tukikagua kuta, meza, mikunjo ya makoti. Hakuna kitu. Mkeo alikuwa ameweka mkono wenye glavu juu ya tumbo, anapumua kwa nguvu, na mbu hufuata pumzi. Ndipo nikamsogeza kona ya mbali, nikamfunika kichwa kwa koti la akiba. Nikavua glavu, nikakunja mkono wa koti hadi juu ya kiwiko, nikaupulizia pumzi na kuunyoosha.

"We! Shusha mkono huo!" Funga Mlango alisema. Nikajifanya kiziwi.

Sikumwona akitua. Nilihisi mwasho karibu na kiwiko, nikatazama, nikapiga. Alikuwa amejaa damu.

Sasa nielewe vizuri. Mbu yule alikuwa na njaa tangu jana yake, kwa hiyo damu ile mbichi ilitoka kwa mmoja wetu. Labda ni yangu. Labda alianzia kwa mkeo, akamalizia kwangu. Mkeo ana kipele nyuma ya sikio. Anasema kilikuwepo tangu asubuhi, halafu anasema hana hakika. Mwili wa mbu ulipelekwa kwa mpimaji wa vinasaba, aseme damu ile ni ya nani, na tangu siku hiyo tunangoja.

Mimi na mkeo tuko vyumba viwili vyenye dirisha la kioo katikati, kila mmoja chini ya chandarua, ili mbu wa nje wasije kuchukua kirusi kwetu. Nimekemewa, na nikipona nitaitwa kujieleza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mama tumemwambia ni semina, tafadhali usituumbue.

Tangu jana viungo vinaniuma. Nimekuwa nikiviombea viume zaidi, nijue kirusi kimekuja kwangu. Wakati huohuo namwangalia mkeo kila anapojigusa nyuma ya sikio.

Nimekatishwa hapo, kaka, na sasa nimerudi. Funga Mlango alikuja na majibu ya mpimaji, akapita kwanza upande wa mkeo. Niliwaona wakizungumza, sikusikia neno. Mkeo akakaa chini sakafuni. Nikajua yamekwisha. Kisha akainuka, akaja kwenye kioo huku analia, akaninyooshea kidole. Mimi. Damu yote ilikuwa yangu. Tangu nizaliwe sijafurahi kunyooshewa kidole kama leo. Watampima tena na tena kwa uhakika, lakini daktari anayetuangalia hapa amekula chakula chake kwa utulivu, na huyo si mtu wa kujifanya.

Homa yangu imepanda na mwandiko unayumba, nisamehe. Mpigie mkeo leo, usimgombeze, hiyo kazi niachie mimi. Nisalimie wenzako wa chumbani. Mungu akulinde, akurudishe nyumbani kabla mtoto hajafika.

Chanjo ikikamilika, mwanao awe wa kwanza kuchomwa. Akililia sindano, mwambie shangazi yake alichomwa kabla yake, naye alilia.

Dada yako akupendaye daima.