Maji Uliyotungojesha

Baba yetu mpendwa,

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, na bado lango likilia jioni mmoja wetu huinua kichwa, akidhani ni wewe unarudi kutoka visimani, matope yamekufika magotini.

Ulikuwa mpole nyumbani na mkali kazini. Sanduku lako la barafu halikuguswa na mtu. Siku Shangazi alipotia soda zake humo, ulizitoa moja baada ya nyingine, ukamwambia kwa adabu, "Dada, humu wanalala wagonjwa wangu." Wagonjwa hao walikuwa chupa za maji ya kupimwa, ambazo hukukubali kula kabla hujazifikisha maabara.

Mtaa wote ulikujua kwa sababu ya kisima kimoja. Petroli ilikuwa imevuja kutoka kwenye tangi lililozikwa chini ya karakana ya zamani, ikaingia katika maji ya ardhini, na kisima chetu kikatiwa kufuli. Ndipo ilipoletwa mashine ya kusukuma hewa ya ozoni ardhini ili iivunjevunje petroli hiyo, nawe ukakabidhiwa kazi ya kupima kama maji yanapona. Baada ya muda harufu ilitoweka, na vipimo vikapendeza. Watu waliochoka kubeba maji kutoka mbali wakadai kufuli litolewe; wakuu wako nao wakakutaka utie sahihi. Ukakataa.

"Kaka, maji hayanuki, hayana rangi, sasa unatungojesha nini?" Shangazi alikuuliza mbele ya wageni.

"Mtoto ukimbeba hunyamaza, Dada. Mlaze chini kwanza, ndipo utajua kama homa imemwacha."

"Usinifundishe watoto mimi! Hawa wako, nani aliwabeba?"

Ulicheka hadi ukavua miwani, lakini hukulegeza msimamo. Ulituelezea kwa utaratibu kwamba maji yanayopimwa huku mashine ikivuma hayasemi kweli yote, kwa kuwa petroli iliyonasa kwenye udongo huvuja polepole na kurudi majini. Ukaizima mashine, ukangoja.

Petroli ikarudi kweli. Wapo waliokulaumu kana kwamba uliimwaga kwa mkono wako, wakakubandika jina la Mzee Subirini. Ukaitika. Kisha ukaongeza mabomba ya ozoni upande wa karakana, ukaanza kazi upya.

Mashine ilipozimwa mara ya pili, ulikuwa umelazwa. Mama akikugeuzia mto, ulimuuliza kama mvua zimeanza, maana ulitaka maji yapande na kushuka ndani ya udongo, yaitoe petroli yoyote iliyojificha, kabla ya kipimo cha mwisho. Hukukiona kipimo hicho. Hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Mvua zilipokwisha, mwenzako wa maabara alikuja kisimani na majibu. Ndoo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Kabla hajafungua mdomo, Shangazi alijitokeza akasimama mbele ya pampu, mikono kiunoni.

"Mlipopima, mashine ilikuwa inavuma?"

"Hapana, Mama. Imezimwa tangu kabla ya msiba. Tumepima kabla ya mvua, tukapima na baada yake. Petroli haikurudi."

"Una hakika?"

"Tulifanya kama alivyotuagiza."

Shangazi akasogea pembeni. "Basi fungueni," akasema.

Ndoo ya kwanza majirani waliileta nyumbani kwako, wakaitua mlangoni. Tulikunywa sote, Baba, taratibu, na hakuna aliyeongeza kikombe kabla Mama hajamaliza chake.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hulala upande wake wa kitanda; dada yako; wanao, wakwe zako na wajukuu zako; pamoja na wenzako wa maabara na majirani wa mtaa mzima.

Daima tutakukumbuka, na watakaozaliwa tutawasimulia.