Mkono Uliobaki Begani

Korogwe, 12 Februari 2025

Shangazi yangu Chausiku,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za afya yako na za mahindi, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nikianza na salamu zote nitaishia kwenye salamu, najijua. Mimi ndiye niliyeiba picha yako.

Ni ile iliyokuwa chini kabisa ya sanduku la bati ulilotuachia ulipohamia Kwamsisi. Umesimama ndani ya brashi, kile chumba cha kiwanda mlichosafishia singa, zile nyuzi za mkonge, kwa mashine. Umeshika fungu la singa nyeupe, kichwa kiko wazi, unacheka, na mwanamke wa pembeni yako amekuwekea mkono begani.

Tangu nimalize kidato cha nne najitolea kwenye maonyesho wanayoyaandaa katika kiwanda cha zamani. Msimamizi ni Bwana Erasto. Anasema amechoka kusikia kwamba Korogwe ni mahali basi linaposimama watu wale chipsi, wakojoe na kununua machungwa. Anataka tujulikane tena kwa mkonge. Mzee Adamu, aliyekuwa fundi wa mashine, huja kila asubuhi kuifuta mashine ya brashi kwa kitambaa kana kwamba kesho itawashwa. Juzi vijana walimtania, "Mzee, umeoa mashine?" Akawajibu, "Ingekuwa mke ingeshanijibu." Wafanyakazi wengine wa zamani wanapita nje wanatema mate chini na kuendelea na safari.

Bwana Erasto alitafuta picha akakosa. Mimi huwa sisemi kitu mbele za watu, unanijua, na nilitaka mara moja tu nionekane nina faida. Nikampa yako, nikamwambia nimeikuta kwenye makabati ya kiwanda. Alifurahi sana. Sasa uko kwenye bango kubwa stendi, limeandikwa "Karibu Korogwe, Mji wa Mkonge na Tabasamu." Yule mwanamke wa pembeni yako walimkata kwa sababu alikuwa amefumba macho. Umebaki peke yako, na mkono wake begani kwako.

Watu wanakusifu. Ningekupigia simu, lakini simu ni ya mama, na mama husikiliza. Naomba unisamehe. Mwantumu muuza mitumba ndiye atakayekupa barua hii, anakuja gulio la huko. Hujambo wewe lakini? Kifua kimepoa?

Ni mimi binti wa kaka yako,
Mwanaisha

*

Kwamsisi, 20 Februari 2025

Mwanangu Mwanaisha,

Marahaba. Mwili haujambo, kifua ni kilekile. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama, kukaa nilishindwa.

Kuiba ni kosa dogo. Sikia kosa kubwa.

Mwaka 1987 kiwanda kilikuwa kimeanza kuyumba. Wakubwa wakataka picha za kuwapelekea wanunuzi, waone kuna uhai. Akaja mpiga picha. Sasa ujue, hakuna mwanamke aliyeingia brashi bila kilemba kilichofungwa kikakazwa. Singa zinanasa, mashine inanasa. Msimamizi alikukagua kichwa kabla ya kukukagua mikono. Mtu yeyote aliyefanya kazi pale akiiona picha hiyo anajua papo hapo kwamba ni ya uongo. Wewe hukujua. Huyo Erasto wako naye hakuuliza.

Mpiga picha alisema vilemba vinatuzeesha, tuvue. Wa kwanza kuvua nilikuwa mimi. Kisha nikamgeukia rafiki yangu Serafina, huyo mliyemkata, nikamwambia, "Vua bwana, unaona aibu gani, mshamba wewe." Akavua. Mashine haikuzimwa, kwa sababu yule bwana alitaka singa zionekane zinapepea. Akapiga picha. Serafina akainama kuokota kilemba chake.

Mzee Adamu ndiye aliyekimbilia kuzima umeme. Nywele zilikwisha kwenda na mashine, na ngozi ya kichwa imekwenda nazo.

Picha wakaipeleka kwa wanunuzi. Mimi wakanipa nakala, eti zawadi. Ndiyo hiyo uliyoiba. Niliitunza ili inichome, nilipohama nikashindwa kuibeba. Serafina hakufa, nasikia yuko Makuyuni. Tangu nilipomwona hospitali akiwa amefungwa kichwa chote sijasimama mbele yake tena, na hayo niliyomwambia siku ile sijamsimulia mtu hadi leo.

Mji wa Tabasamu! Nilicheka kwa kuwa niliambiwa cheka. Bango hilo lishushwe. Sikuombi, nakuagiza.

Shangazi yako,
Chausiku

*

Korogwe, 9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na swaumu. Hapa tumefunga wote, baba naye anafunga safari hii bila kulalamika sana.

Nilikwenda kwa Bwana Erasto. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akauliza kama nadaiwa kitu. Nikamweleza kuhusu Serafina, mambo yako wewe nikayaacha. Alisikiliza, kisha akasema, "Mwanaisha, hayo ni mazito, tutayaweka baadaye. Watu hawaji kwenye maonyesho kulia." Nikamwambia picha ni ya uongo. Akasema, "Picha ni picha." Nilitoka pale bila kuaga. Sijawahi kumkasirikia mtu mzima namna ile. Hata hasira yenyewe sikujua niiweke wapi.

Nikachukua bodaboda mpaka Makuyuni. Serafina nilimpata kwa swali moja tu, wanamwita Mama Kitambaa, kwa kuwa hafungui kichwa. Alikuwa anamenya mihogo uani.

"Wewe wa nani?"

"Wa Mhina, kaka yake Chausiku."

Kisu kikasimama. "Naona. Hiyo pua ni ya kwao."

Kabla sijaeleza nilichokuja nacho, akaanza mwenyewe. "Bango nimeliona. Nilishuka stendi nikanunue dawa, nikakuta mkono wangu."

"Mkono gani, mama?"

"Ulio begani kwa shangazi yako. Ile bangili ya shanga niliitunga mwenyewe. Mkono wangu wameuacha, mimi wamenitoa."

Nikamwambia nitahangaika mpaka liondolewe. Aliniangalia kama mtoto aliyemwaga maji. "Nani kakuambia nataka liondolewe? Mimi nataka niwemo. Sura niliyokuwa nayo ni ile, sina nyingine mahali popote. Nilikuwa mzuri, ujue. Chausiku alikuwa wa kawaida tu."

Hapo shangazi nikakosa. Nilimwuliza kwa nini alivua kilemba, na aliporudi kwenye mihogo yake nikadhani anakuficha wewe, nikamwambia unachokiamini. Nilimwambia yote.

Alitupa kisu kwenye beseni. "Anajidai nini huyo! Jana yake nilikuwa nimesukwa, mistari midogo midogo, nusu ya mshahara ilikwenda kichwani. Asubuhi yote natafuta sababu ya kuvua. Hata angenikataza ningevua. Miaka thelathini na minane nasema Chausiku ananionea kinyaa, kumbe amekaa huko Kwamsisi anajivika kosa langu! Nilimhitaji. Mwambie hivyo. Nilipofunguliwa bandeji nilimhitaji yeye, siyo maua ya kiwanda."

Alikuwa amekasirika kwelikweli, lakini nilipoondoka alinijazia mihogo ya futari, hata kuibeba ikawa shida.

Nifanye nini? Wewe unataka bango lishuke, yeye anataka arudishwe.

Binti yako,
Mwanaisha

*

Kwamsisi, 18 Machi 2025

Mwanaisha,

Siri yangu umeipakia bodaboda ukaipeleka Makuyuni. Nilikuandikia wewe. Sikuandikia uani kwa watu.

Anasema hivyo kwa kunihurumia. Serafina alikuwa hivyo tangu usichana, atakupa sahani yake aseme ameshiba. Mimi nilikuwepo, najua nilichosema. Mwambie sitaki msamaha wa kutungiwa.

Bango fanyeni mnavyotaka, huo si mji wangu tena. Usiniandikie habari zake.

Chausiku

*

Korogwe, 22 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yangu ya Idi hukuijibu, na kwenye ile yako ya mwisho hukuniandikia "shangazi yako" pale chini. Niliona. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu ukichukia ni bora uchukie yaliyotokea kweli.

Uzinduzi wa maonyesho ulikuwa tarehe 12. Wiki moja kabla, Bwana Erasto alinipa flashi nimpelekee Awadhi mchapaji achape bango jipya la mlangoni. Badala yake nilimpa Awadhi picha nzima, ambayo haijakatwa, na maneno niliyoyaandika mimi: "Chausiku na Serafina, 1987. Waliambiwa wavue vilemba ili picha ipendeze, na mashine haikuzimwa. Dakika hiyohiyo ilimnasa Serafina nywele." Ya kwako sikuyaweka. Awadhi aliuliza, "Erasto anajua?" Nikasema anajua. Nilidanganya bila kutikisika, nikajiogopa.

Kitambaa kilipovutwa watu walipiga makofi kwanza, halafu wakasoma. Makofi yakafa moja moja. Mzee Adamu alivua kofia. Nyuma yangu mama mmoja aliyekuwa brashi zamani akasema kwa sauti, "Haya sasa! Leo mmesema," na mzee mwingine akamjibu, "Mnatuharibia sherehe, siku zote mnaleta vilio, kiwanda hiki kilitulisha." Wakaanza kugombana palepale, wote wawili wanalia. Nadhani wote walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Serafina alikuwepo. Alisimama mbele ya bango muda mrefu, akaigusa sura yake. "Macho nimefumba kweli," akasema. "Mpiga picha mjinga, hakungoja."

Ndipo mgeni mmoja, mwanamke mwenye kamera kubwa, akamsogelea akamwomba avue kitambaa, eti picha iwe na nguvu. Shangazi, mbele ya maneno yaleyale! Na Bwana Erasto, ambaye dakika hiyo jasho lilikuwa linamtoka kwa hasira ya bango, akaona nafuu, akasema, "Kidogo tu mama, wageni wametoka mbali."

Nikasema, "Havui."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Watu wote waligeuka. Nikarudia, "Havui, na wewe usimwombe tena." Nilimwambia Bwana Erasto "wewe." Mama, aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni, alijifunika uso kwa khanga. Serafina alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia yule mgeni, "Piga bango hilo ukutani. Pale ndipo nilipovua."

Jumatatu Bwana Erasto aliniambia nisije tena. Alisema nimeurudisha mji nyuma miaka kumi. Nilitaka kumjibu nikashindwa, ile sauti ilikuwa ya siku moja. Mama hajaniambia mengi, isipokuwa kwamba wageni waliongezeka na maandazi yaliisha saa nne. Bango lipo. Lilipotaka kushushwa Mzee Adamu aliweka kiti chini yake akakaa, na bado anakuja kukaa. Nimekasirika hadi leo. Nikipita stendi nikaliona lile jingine, lenye wewe peke yako na mkono usio na mtu, natembea haraka.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Serafina anakuja kwako. Jumamosi hii, sikukuu ya Muungano, atapitia Handeni mjini, atafika Kwamsisi mchana. Ameshafunga mzigo. Alinishika mkono akanikataza kabisa nisikuambie. Alisema, "Akijua atakimbilia shambani, namjua, tangu hospitali anakimbia."

Nimekuambia kwa sababu sitaki ukutwe hujajiandaa, na kwa sababu nakuamini hutakimbia. Ana usemi wake kuhusu nani alivua kwa sababu ya nani, na amesema mkibishana mpaka usiku atalala hukohuko. Siku hizi hali pilipili, usimtilie.

Akifika, shtuka. Shika kifua, sema "Serafina!", fanya kama hukutegemea. Na mimi sijakuandikia chochote, tafadhali shangazi, usimwambie.

Binti yako,
Mwanaisha