Bibi Harusi Kampa Wifi Gauni Langu

Shoga uko? Leo nimeumbuka, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unamjua wifi yangu, yule niliyemfundisha mwenyewe hata kutunga uzi kwenye cherehani? Leo kafumua pindo zima la sketi ya mteja, eti limepinda kidogo. Pindo la ndani! Ndiyo mtindo wake kila siku: anashona, anafumua, anashona tena.

Nikamcheka. "Wifi, huko ndani nani ataona?"

Hata kichwa hakuinua. "Mimi nitaona."

MIMI NITAONA! Moyo ulinichoma kama pasi.

Kumbe bibi harusi ninayemshonea gauni kasimama mlangoni, kasikia yote. Akalichukua gauni lake mezani kwangu, akaligeuza, akakagua mishono ya ndani, kisha akamwekea wifi mapajani. "Nimalizie wewe, dada." Mbele yangu, shoga! Mbele yangu!

Wivu umenijaa. Na wifi hakuringa hata chembe. Angeringa, ningepata la kumsema.

Sasa kaenda nyumbani, nami nimebaki na blauzi niliyoimaliza asubuhi. Nimeifumua kola. Nimeishona, nimeifumua tena. Bado haijakaa.

Ole wako umwambie.