Kiti cha Dirishani

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Bukavu tunaendelea. Dada yangu, koko wako aliyemzaa mama yako, anakusalimia. Kikohozi chake kimepungua, na mvua imerudi.

Unaniuliza kama sikuogopa kuzeeka bila bwana. Niliogopa, siku zingine.

Wakati wa Zaïre nilikuwa mwalimu, nikipanga chumba huku huku Bukavu, mtaa wa Nyalukemba. Siku moja ya yenga, nimetoka kanisani, ninaosha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nikaange, bamaman wa kanisa wakaingia kuniombea nipate bwana. Waliomba kwa nguvu. Mimi nikafungua macho, nikaona kiti changu karibu na dirisha, ziwa kule chini, samaki wangu kwenye sahani. Nikakosa la kuongeza kwenye maombi yao.

Walipotoka, mumoja akabaki, maman wa watoto wengi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Dada, naweza kukaa pale kidogo?”

Alilala kwenye kiti kile mpaka jua likashuka. Nilikaanga sambaza polepole, nisimwamshe.

Yenga iliyofuata alirudi peke yake, na ndizi mkononi. Maombi ya bwana hakuyataja tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti.

Bado kiko dirishani, Furaha.

Koko wako wa Nyalukemba