Swali Letu Lilifungwa kwa Makofi

Alhamisi, Desemba.

Mvua imeanza tangu adhuhuri na haina haraka ya kuondoka. Umeme umekatika, simu ina chaji ya kutosha kuandika haya tu. Nimechoka, na si ule uchovu unaoisha ukilala.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu: mimi ni msaidizi wa mbunge mmoja wa bunge la jimbo, hapa Kolwezi. Yeye huuliza maswali, mimi huyaandika. Watu hucheka nikiwaambia, lakini swali la bungeni si kama kuuliza bei ya unga sokoni. Ukiliandika vibaya, waziri anapata mlango wa kutokea. Ukisema "Je, serikali inajua?", atajibu kwamba inajua, ataketi, na kazi imekwisha. Kwa hiyo hili la mtaa wetu nililiandika fupi: familia zitahamishwa tarehe gani, na zitapelekwa wapi?

Mtaa wetu uko nyuma ya shimo la mgodi. Kila alasiri wakilipua baruti, vyombo vinacheza kabatini. Nyumba ya mama yangu ina ufa kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kuanzia dirishani mpaka chini, na sasa mkono wangu unaingia. Mama ni mjane, na hataki kuja kukaa kwangu. Anasema atahama mara moja tu, siku atakayopelekwa mahali pa kubaki. Kampuni ya mgodi iliahidi kuwahamisha watu, serikali ikashuhudia, mvua za mwaka jana zikapita, na hizi nazo zimefika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeuziba mpaka tumechoka, na kila wakilipua unafunguka tena.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kina mama wa mtaa walikuja bungeni kusikiliza, wamevaa vikwembe, vitenge vya aina moja, wakakaa kule juu kwenye viti vya wageni, mama yangu mbele. Nilikuwa nimewafundisha vizuri: wasiongee, wazime simu, wasile karanga. Habari ya makofi sikuikumbuka kabisa.

Waziri alisoma majibu yake, kurasa nyingi. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wakubwa wake, akalishukuru bunge kwa swali zuri. Alisema tume imeundwa, serikali inafuatilia kwa karibu, wananchi wawe watulivu. Nilisikiliza kama mtu anayechambua mchele. Tarehe hakuna. Mahali hakuna.

Kwa kanuni zetu, waziri akishajibu, aliyeuliza ana haki ya kusimama tena na kumbana. Hapo ndipo swali linapofanya kazi. Maneno ya mwanzo ni heshima tu. Mheshimiwa wangu alikuwa tayari, ameshika karatasi niliyomwandikia. Ilikuwa na maneno mawili: Tarehe gani?

Lakini kabla ya kuketi, waziri aliinua macho kule juu. Yeye ni mtu wa Kapanga, wa ukoo wa kifalme wa Musumba, na wengi wa kina mama wetu kwao ni Kapanga vilevile. Akawasalimia kwa Kiruund, lugha ya kwao, maneno machache, kwa sauti ya upole.

Mama yangu akapiga magoti.

Nyuma yake wote wakapiga magoti, wakaanza kupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, kama anavyopaswa kufanya mtu aliyelelewa vizuri akisalimiwa na mtoto wa mfalme. Kwao, ukinyamaza hapo umemtukana yeye na babu zake.

Makofi hayajaisha, mbunge mmoja wa upande wa serikali akanyoosha mkono kutoa hoja.

"Motion, Monsieur le Président! Peuple yenyewe iko satisfait. Bamama beko banapiga makofi. Sisi tuko tunatafuta nini tena? Tufunge débat!"

Mwenyekiti akauliza wanaokubali kwamba wananchi wameridhika na mjadala ufungwe. Mikono ikainuka, mingi kuliko yetu, na nyundo ikagonga meza. Mheshimiwa alibaki amesimama na karatasi mkononi. Swali lililofungwa haliwezi kurudi kikao hikihiki.

Nilimkasirikia waziri. Nikamkasirikia yule mbunge. Na kwa kuwa hapa huwa nasema ukweli, nilimkasirikia mama yangu kuliko wote. Walitoka nje wakiwa na furaha tele, wakisimuliana jinsi waziri alivyoitamka ile salamu bila kukosea. Mheshimiwa akawapa mkono mmoja mmoja, akitabasamu. Ndani ya gari akaniambia, "Ule waziri anajua kazi yake."

Kama waziri alisalimia kwa upendo au kwa hila, sijui. Labda vyote. Mtu anaweza kukumbuka kwao na kukwepa swali kwa wakati uleule.

Leo mchana nilikwenda kwa mama kusogeza kitanda, maana maji yanaingia kwenye ufa. Nilijiapiza njiani kwamba sitasema kitu. Tulikusanya nguo, tukatandika gunia sakafuni, tukaweka sufuria pale panapovuja. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ule tata minisitre, alisema batatuhamisha siku gani?"

"Hakusema, mama."

"Njo vile. Nilisikiliza mpaka mwisho, siku sikuisikia."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwuliza, sasa kwa nini mlimpigia makofi? Nikamwambia yote: kwamba ni makofi yao yaliyofunga swali, kwamba Mheshimiwa alikuwa amesimama tayari, kwamba wameandikwa kuwa wameridhika. Nilipandisha sauti, jambo ambalo kwa mama yangu si dogo.

Alinitazama kama anavyomtazama mtoto anayekuja mezani bila kunawa.

"Makofi ilikuwa ya kusalimia, mutoto. Alitusalimia, tukaitika. Jibu, mi niko nangoya bado."

Kisha akaniomba nishike upande wa pili wa kitanda.

Hasira imeisha, uchovu umebaki. Nimeanza kuandika swali la kikao cha Machi, na safari hii nimeanza na maneno yake: Mheshimiwa Waziri, makofi yale yalikuwa ya salamu, na salamu imekwisha kuitikiwa. Tarehe gani?

Mvua bado inanyesha. Bunge litakwenda likizo, wabunge wataenda kwao, na Machi tutarudi kuketi kwenye viti vyetu.

Ukuta wa mama utaifikia Machi?